Mtandao Niliouchagua Mimi Mwenyewe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Wakati wangu umefika! Naandika kwa wino wa buluu kwa kuwa mweusi umekwisha, lakini maneno haya yangestahili dhahabu.

Saa tatu asubuhi Hajati Rehemah alituita wafanyakazi wote sita chumbani kwake, hapa juu ya duka la rangi Kansanga, Kampala, akafunga mlango. Hafungi mlango kamwe. Hajati aliuza samaki kwenye soko la Ggaba, ufukweni mwa ziwa, miaka ishirini na minne kabla ya kuweka akiba yake yote kwenye programu yetu ya malipo, na hadi leo huongea kama anayeshindana na injini ya mtumbwi. Leo aliongea polepole. Tukaogopa.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi tutaionyesha programu pale Ggaba mbele ya Pitshou, mfanyabiashara Mkongomani anayeleta vitenge kutoka soko la Ariwara, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na magunia ya mukene, wale dagaa wetu wa ziwani. Amechoka kusafiri na noti ndani ya soksi. Anataka malipo yaende na kurudi kwa sarafu za mtandaoni. Akiridhika, atatia saini mkataba. Asiporidhika, Hajati anafunga ofisi na kurudi kwenye barafu yake ya samaki, na sisi sita kila mtu arudi kwao. Kwetu mimi ni kwa Shangazi Kaltumi, Kasubi, ambako sijawahi kuondoka, lakini uchungu ni ule ule.

Kisha akasema jambo lililonifanya nikae wima. Kabla ya kugusa sarafu za kweli lazima tujaribu kwa sarafu za majaribio, na hizo zina mitandao yake, zaidi ya mmoja. Ule tulioutengeneza wenyewe ndani ya kompyuta zetu hautoshi, maana mafundi wa Pitshou walioko Ariwara hawauoni. Tunahitaji wa pamoja, unaotumiwa na watu dunia nzima. Ni upi? Jumatano tutapiga kura. Na yule ambaye mtandao wake utachaguliwa atakuwa Mkuu wa Majaribio, na atahamia meza ya dirishani.

Mkuu! Nina miaka arobaini na mitatu. Sijawahi kuwa mkuu wa chochote, isipokuwa mara moja, wa foleni.

Mpinzani ni mmoja tu. Ocira, fundi kutoka Gulu, miaka ishirini na tisa, viatu safi hata siku ya mvua, Kiswahili cha kambini alichorithi kwa baba yake mwanajeshi. Yeye anautaka mtandao mpya, wanaouita wa saini. Mimi nasimama na ule wa zamani. Sababu zangu ni za kitaalamu kabisa. Aidha, ninazo kule sarafu elfu kumi na moja. Hazina thamani, hazinunui hata njugu. Ndiyo maana yake, ili programu ijikwae bila mtu kuumia. Lakini nimezikusanya miaka miwili, na sikubali zifie mikononi mwangu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango umebuniwa alfajiri, umetekelezwa kabla ya magharibi. Nani mwingine Kampala nzima angeweza?

Sarafu za majaribio hutolewa bure na tovuti inayoitwa bomba. Unaandika anwani ya pochi yako ya mtandaoni, bomba linadondosha kidogo. Kila waifai moja hupewa mara moja tu, na bomba lina kiasi chake cha wiki, ambacho leo kilikuwa kimebaki kidogo. Nikawaza: bomba la mtandao wa Ocira likikauka leo, kesho atakuja mkutanoni mikono mitupu. Atamwonyesha Hajati nini? Viatu?

Nikamwambia Hajati jino linaniuma. Nikashuka barabara ya Ggaba na laptopu kwapani. Duka la dawa. Duka la simu. Baa tatu (soda tu, Mungu shahidi). Hoteli mbili ndogo. Kinyozi. Saluni ya wanawake. Kila palipo na waifai niliketi, na kila ninapoketi lazima ninunue kitu. Soda nane. Kinyozi hana soda, kwa hiyo nimenyolewa, ingawa nilinyolewa Jumapili. Saluni nilisema namsubiri mke wangu. Sina mke. Nilimsubiri dakika arobaini, na mwenye saluni akaanza kunitazama kwa huruma, akaniambia kwa upole kwamba wengine huwa hawarudi.

Saa kumi jioni bomba likaandika: sarafu zimekwisha, rudini wiki ijayo.

Nilipiga ukelele wa shangwe palepale barabarani. Bodaboda watatu wakasimama, kila mmoja akidhani namwita yeye.

Sarafu zenyewe nilizitupa kwenye anwani nilizobuni palepale, bila kuandika funguo zake za siri. Bila funguo hakuna awezaye kuzitoa humo, hata mimi. Sawa tu. Nani hutunza funguo za nyumba asiyokusudia kurudi?

Shangazi Kaltumi ameuliza kwa nini kichwa changu kinang'aa. Nimemjibu ni mambo ya kazini. Amesema kazini kwetu wanaajiri watu wa ajabu.

Jumatano, 10 Septemba

USHINDI!

Lakini niandike kwa mpangilio, kama inavyompasa Mkuu.

Kwanza, doa dogo. Ocira alikuja na sarafu tele. Tangu mwezi wa saba alikuwa amewaandikia wenye mtandao, akawaeleza kwa adabu kazi yetu na nia yetu, nao wakamtumia rundo. Bomba hakuligusa. Hakujua hata kwamba limekauka. Soda nane!

Alisimama yeye kwanza, akaongea dakika nne. Alisema malipo hufungwa pamoja katika furushi wanaloliita bloku, na bloku hufuatana kama mnyororo. Katika mtandao wa zamani yeyote mwenye mashine anaweza kufunga bloku, kwa hiyo siku moja zinamiminika kama mvua, siku nyingine haipatikani hata moja. Katika mtandao mpya wapo waangalizi wachache wanaojulikana; wao ndio wanaotia saini kila bloku, na moja hutoka takriban kila dakika kumi. Mtu anajua la kutegemea. Akakaa. Hakutoa hata mzaha mmoja!

Nilikuwa na kurasa sita za hoja. Lakini niliuona uso wa Hajati alipolisikia neno saini. Barabara nzima ya Ggaba inajua kwamba kuna bwana aliwahi kumtilia saini ya kumuuzia mtumbwi, na mtumbwi ukaja kuwa wa shemeji ya huyo bwana. Nikaziacha kurasa zangu mezani. Nikauliza kwa sauti ya chini: hao watia saini ni akina nani? Wanakaa mtaa gani? Mama zao tunawajua? Mtandao wa zamani hauna bwana, nikasema. Ni kama ziwa. Kila mtu anatupa wavu wake.

Hajati akasema, "Watu wa saini nimeshawaona."

Kura tano kwa moja. Moja ni ya Ocira.

Nimehamia meza ya dirishani. Kutoka hapa naliona paa la baa, nguo za mtu zimeanikwa, na kipande kizuri cha anga. Ocira alikuja kunipa mkono. Alisema, "Sawa, mzee. Lakini hii ya zamani, mtu akiwasha mashine kubwa, inaharibika." Nikamwambia wivu ni maradhi kama maradhi mengine, yanatibika. Akaenda kwenye ngazi, akapiga simu ndefu Ariwara. Sikumsikiliza. Mkuu hasikilizi simu za watu.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi: ushindi juu ya ushindi. Saa tatu na dakika kumi nilituma malipo Ariwara. Saa tatu na dakika kumi na moja yameshafungwa ndani ya bloku. Kabla ya chai zilikuwa zimetoka bloku mia mbili! Nilimwita Hajati aje aone kwa macho yake. Alisema hata barafu haikimbii namna hiyo. Nikamuuliza Ocira kwa sauti, ili ofisi nzima isikie, kama mtandao wake unaweza mwendo huo. Akasema hauwezi, na nisiombe uweze.

Saa sita mchana malipo hayapo.

Hayakukataliwa. Hayakuchelewa. Hayapo! Mahali fulani duniani mtu aliwasha mashine kubwa, akafunga mnyororo wake mwenyewe mrefu kuliko ule wetu, na mtandao mzima, ambao hufuata mnyororo mrefu kuliko yote, ukamfuata yeye. Asubuhi yangu yote imefutwa kama hesabu ya ubaoni. Ariwara wakapiga simu kuuliza zile sarafu zilikuja kutafuta nini kwao kama hazikutaka kukaa.

Nikatuma tena. Sasa hakuna bloku. Saa moja. Mbili. Tatu. Mashine ile kubwa imezimwa, na wenye mashine ndogo wanahangaika na ugumu ulioachwa nyuma, maana mtandao hukaza hesabu za kufunga bloku kadiri mashine zinavyokuwa na nguvu. Hajati alipita akauliza vipi. Nikamwambia mtandao unapumzika baada ya kazi ya asubuhi. Akasema samaki naye hupumzika hivyo hivyo, kisha ananuka.

Nilijifungia chooni nikawaza. Jambo hili likitokea Jumamosi mbele ya Pitshou, ofisi imekwisha. Yule anayekaa nyuma yangu amepata mapacha mwezi uliopita. Binti wa mapokezi ndiye mtu wa kwanza kwao kuajiriwa ofisini. Na wote walinipigia kura mimi, wakacheka vizuri niliposema lile la ziwa. Sikulia. Kulikuwa na harufu kali ya dawa ya kusafishia.

Nikaamua. Nitahamia mtandao wa saini, kimya kimya. Jina la mtandao ni mstari mmoja tu ndani ya programu. Nikaubadilisha kwa kidole kimoja. Hakuna aliyeona. Ustadi mtupu! Kisha nikaenda bombani kuchota sarafu chache za kutumia kule.

Sarafu zimekwisha, rudini wiki ijayo.

Sina haja ya kuandika hapa nani alilikausha.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango bora kuliko yote niliyowahi kubuni, na nimebuni mingi.

Sarafu za mtandao wa saini anazo Ocira. Mkuu hawezi kumwomba Ocira. Lakini mwanafunzi anaweza! Nilifungua baruapepe mpya kwa jina la Latif, kijana wa Arua, yatima, anasomea kompyuta kwa taabu, anaomba sarafu kidogo za majaribio akamilishe utafiti wake. Niliandika barua ya kusikitisha hadi mwenyewe nikaguswa. Kufikia aya ya tatu nikaongeza bibi mgonjwa. Nikatuma, nikaenda kuswali.

Nilipotoka msikitini jibu lilikuwa limefika. Ocira ametuma mara mbili ya kiasi nilichoomba. Pamoja na sarafu, kurasa mbili za maandishi. Amemwelekeza Latif namna ya kutunza funguo zake. Amemshauri aanze na malipo madogo, asiyaamini mpaka yakae. Amemwambia asichague mtandao kwa kumpenda au kumchukia mtu anayeutumia. Na amemwambia kila anayejaribu ataaibika siku moja, si ugonjwa, ndiyo kazi yenyewe. Mwishoni: ukikwama niandikie tena, usione haya. Nisalimie bibi.

Nimeisoma mara tatu. Sikumbuki mtu aliyewahi kuniandikia hivyo. Bila shaka aliandikiwa Latif. Hata hivyo.

Kisha nikakumbuka jambo. Mtandao ni wa pamoja! Mimi nimehama, lakini Ariwara wako kule kule kwenye ule wa zamani, kama kura ilivyosema. Ni kama watu wawili walioahidiana kukutana sokoni, mmoja akaenda Ggaba na mwingine Kasubi. Nikituma sarafu huku, wao kule hawatauona hata mkia wake.

Nikampigia Pitshou. Sikuweza kumwambia wazi, maana yeye na Hajati huongea simu mara tano kwa siku. Nikamwambia mafundi wake wawe macho pande zote. Akacheka. "Papa Taju, mafundi yangu iko tayari pande zote. Wee lala tu." Pande zote zipi? Sikuelewa. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekula vizuri, nikaamua kuichukulia kama ushindi.

Jumamosi, 13 Septemba

Ggaba, saa nne asubuhi. Jua kali, magamba ya samaki kila mahali. Wachuuzi wapata hamsini. Hajati na kilemba cha rangi ya dhahabu. Pitshou na viatu vyeupe ndani ya maji ya samaki, bila wasiwasi wowote. Ofisi yetu nzima imejipanga ukutani kama watu wanaosubiri kupigwa sindano.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mama Jannat, muuzaji wa mukene, atanunua kitenge cha Pitshou kwa simu yake, kwa sarafu za majaribio (zile za Latif). Pitshou anakishika kitenge. Duka lake la Ariwara likiona malipo, litapiga simu. Simu ikilia, kitenge kinatoka.

Mama Jannat alikuwa na swali. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kiganda, akiniita bwana kwa lugha yao, "Ssebo, hii pesa ni ya kweri?" Nikamjibu kwa fahari kwamba haina thamani yoyote. Pitshou akakivuta kitenge kifuani. Mama Jannat akarudisha simu mezani, akasema yeye si mwizi. Watu wakaanza kunong'ona, wawili wakageuka kurudi kwenye meza zao. Hajati ndiye aliyetuokoa. Alisema kwa sauti yake ya injini, "Mtumbwi mpya mnaupima mkiwa mmepakia samaki? Si mnausukuma mtupu kwanza?" Ah! wakasema wote. Mama Jannat akabonyeza.

Dakika kumi za kusubiri. Mkuu lazima azijaze. Nilipanda juu ya kreti nikahutubia. Niliwaeleza jinsi babu wa babu yangu alivyokuja Buganda kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, wakati pesa ilikuwa kauri, yale makombe madogo ya baharini, na hakuna aliyeuliza kauri ina thamani gani hadi alipoikosa. Dakika tatu. Nikaeleza bloku. Dakika tano. Nikaeleza bloku tena. Katika dakika ya saba kalooli, yule ndege mrefu mwenye upara, alishuka akanyakua sangara mezani kwa mtu, na hadhira yangu yote ikamkimbilia. Sikuwalaumu. Nilimshukuru moyoni.

Dakika ya kumi. Simu haijalia. Ya kumi na moja. Nilimtazama yule mwenye mapacha, naye akatazama chini. Niliona wazi kwamba nimeua kazi za watu sita kwa ajili ya meza. Nilikunja kidole nihesabu uongo nitakaomwambia Hajati, nikakosa hata mmoja. Jambo hilo halijawahi kunitokea.

Simu ya Pitshou ikalia.

Akasikiliza. Akainua mkono mwingine juu. "Iko imefika! Wanaiona!"

Mama Jannat alipiga vigelegele, akanyakua kitenge, akajifunga palepale juu ya aproni yenye magamba. Wachuuzi wakapiga meza kwa visu. Pitshou akatangaza kwamba kitenge ni zawadi, asirudishe. Binti wa mapokezi alilia waziwazi. Mimi nilishuka kwenye kreti kwa heshima, nikaanguka kidogo.

Halafu Pitshou, mtu makini, akauliza mbele ya wote: huu ni mtandao gani, wa zamani au wa saini? Hajati akanigeukia. Nikainama kukung'uta magamba kwenye viatu.

Ocira akasimama. "Ni ule wa pamoja, afande. Wao na sisi tuko ndani moja." Pitshou akatikisa kichwa kukubali, akatia saini mkataba juu ya meza ya samaki, akafuta kalamu kwa leso.

Nilimvuta Ocira kando nikamuuliza ilikuwaje Ariwara wakaona. Akasema Jumatano, baada tu ya kura, aliwapigia akawaomba wasikilize mitandao yote miwili, ikitokea bahati mbaya. Nikamwambia huo ulikuwa ukaidi wa wazi dhidi ya Mkuu. Akasema ndiyo, mzee.

Kisha akauliza, "Na bibi anaendeleaje?"

Nikasema bibi gani. Akasema yule wa Latif. Latif ameandika "Mungu shahidi" mara saba katika barua moja, na Ocira anamjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo. Hakucheka. Alinipigapiga bega, akaenda kumsaidia Hajati kukunja turubai.

Nilisikia kitu kifuani, kizito, cha ajabu. Nadhani ni moshi wa samaki.

Jumapili, 14 Septemba

Hajati amekuja mwenyewe Kasubi! Shangazi Kaltumi alitoa vikombe vya sikukuu na kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi. Nilivaa kanzu.

Hajati anajua kila kitu. Kinyozi alimwambia. Mwenye saluni alimwambia, tena alikuwa ananichangishia pole ya kuachwa na mke. Mstari niliobadilisha ndani ya programu umeandikwa jina langu na saa. Inaonekana programu huandika mambo hayo. Aliyasema yote polepole, kikombe mkononi, na mimi nikahesabu kabalagala.

Halafu akasema, "Wengi nimewaona ziwani wakizama na heshima zao. Wewe uligeuza mtumbwi. Uligeuza kama mwizi, lakini uligeuza." Kwa hiyo nabaki Mkuu wa Majaribio, kwa masharti mawili. Ocira awe Mkuu mwenzangu, tukae meza moja, uso kwa uso. Na kabla ya kuamua lolote, nimuulize.

Nabaki Mkuu! Mengine sikuyasikia vizuri, vikombe vilikuwa vinagongana. Alipoondoka Shangazi alinitazama, akacheka, akatoka nje akaendelea kuchekea uani. Ni furaha kuona mtu wa familia anafurahia mafanikio yako.

Jumatatu, 15 Septemba

Ocira amehamia meza yangu. Anakunja miguu yake ili mimi ninyooshe yangu. Amenionyesha mambo mawili matatu kuhusu mtandao wa saini, ambayo tayari nilikuwa karibu kuyajua.

Saa nane Hajati alitoa tangazo. Mmoja wetu ataondoka keshokutwa kwenda Ariwara kuweka programu dukani na kuwafundisha watu wa huko. Nafasi ni moja. Macho yake yalimwendea Ocira.

Nafasi moja! Mjumbe wa kimataifa! Niliona ndege. Niliona hoteli yenye taulo iliyokunjwa kama bata. Niliona kadi yenye jina langu shingoni. Kuna lile sharti la kumuuliza Ocira, lakini kumuuliza mtu kama unaweza kumwibia nafasi yake si adabu. Nikachukua hatua peke yangu. Nilimfuata Hajati ngazini nikamwambia, kwa huzuni, kwamba Ocira hawezi kusafiri. Mama yake anakuja kutoka Gulu Alhamisi. Hajamwona mwanawe muda mrefu. Itakuwa dhambi. (Ziara hiyo niliibuni palepale.)

Hajati akamwita Ocira amuulize. Ocira alinitazama kwanza. Akamuuliza Hajati safari yenyewe ni ya namna gani. Hajati akamnong'oneza. Ocira akatikisa kichwa taratibu. "Kweli, Hajati. Mama anakuja. Aende mzee."

Hakupigana hata kidogo! Vijana wa leo hawana uvumilivu wa mapambano.

Jumatano, 17 Septemba

Alfajiri, Ggaba. Naandika juu ya goti langu.

Hakuna ndege. Kuna lori la Pitshou. Mbele wamekaa Pitshou, dereva, na cherehani mbili za mkewe, kwa hiyo nafasi yangu iko nyuma, juu ya magunia mia moja na ishirini ya mukene. Kwa upande mmoja ni faida: mbele huoni kitu isipokuwa barabara, huku juu naona nchi nzima. Harufu mtu huizoea, wanasema, baada ya daraja la Karuma, katikati ya safari. Wingu jeusi limekaa kaskazini, lakini turubai lipo, na lina matundu machache tu.

Ocira alikuja kuniaga. Alinibebea begi, akalifunga kwa kamba mbili, akanipa ndimu tatu za kunusa. Aliniomba radhi kwamba hakunieleza mapema. Nikamwambia asijisumbue, katika kila shindano lazima mmoja abaki nyuma. Maskini! Alisimama pale na viatu vyake safi akinipungia mkono, na nikamhurumia kwa dhati.

Dereva amepanda sasa hivi kuangalia kamba. Ameniuliza kama najua kusukuma lori likikwama kwenye tope. Nimemjibu kwamba hakuna kitu nisichokijua.

Amefurahi sana.